Kahawa ya Pauni Mbili

Ajay alipomaliza kikombe chake cha pili cha kahawa alifanya kosa moja tu. Aliuliza bei.

Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa kwenye boti ile. Wazee wanne waliokaa kwenye mabenchi ya mbao pale mbele waliangaliana, vikombe vyao vidogo vikiwa nusu ya safari ya kwenda mdomoni. Mwenye boti, Ameir, mtu wa Wete, Pemba, anayeendesha forklifti kwenye ghala moja la Edmonton, London, na kupokea wageni muda wote uliobaki, alihisi masikio yanamwaka moto.

"Bei ya nini?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha ghalani.

"Ya kahawa. Na hivi vitamu."

"Hizo kashata. Kapika mke wangu. Hazina bei."

Ajay alikuwa kijana mpole wa ofisi ya mifereji. Kazi yake ni kutembea kando ya maji na kompyuta ya mkononi akiandika namba za boti: ipi ina leseni, ipi leseni yake inakaribia kwisha, ipi imekaa mahali pamoja kupita wiki mbili zinazoruhusiwa. Wakazi wa mfereji wakimwona kwa mbali hufunga mapazia na kujifanya wamelala. Ameir alimwita. Ameir humwita kila mtu: waendesha baiskeli, wenye mbwa, na siku moja polisi wawili waliokuwa wakitafuta pikipiki ya wizi aliwakalisha mpaka wakasahau pikipiki. Isitoshe ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, kahawa iko motoni. Mtu apite na koti lililolowa mvua aachwe hivihivi?

"Siruhusiwi kupokea kitu cha bure," Ajay alisema kwa aibu. "Ni sheria ya kazi. Wakijua, nitaulizwa mimi."

Hapo Ameir alikwama. Kupokea pesa ya mgeni ni fedheha. Lakini kumwacha mgeni aondoke na kesi shingoni kwa sababu ya kahawa yako mwenyewe ni fedheha kubwa zaidi. Alizipima fedheha zote mbili kwa muda wa kumeza mate, akachagua iliyo ndogo.

"Basi toa chochote upendacho," alisema.

Ajay akatoa sarafu ya pauni mbili. Ameir akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru na kumwombea dua. Ajay naye akaandika maneno kwenye kompyuta yake, akapiga picha ya mabenchi, ya dele la kahawa, na ya maandishi makubwa ambayo Ameir aliyachora mwenyewe ubavuni mwa boti kwa rangi nyeupe: KARIBUNI NYOTE. Chini yake palikuwa na tafsiri, kwa ajili ya Bridget, jirani wa boti ya nyuma, aliyewahi kuuliza maana yake: ALL WELCOME.

"Kijana mzuri yule," alisema Mahir, mkubwa wa wale wazee na dereva wa basi mstaafu, Ajay alipokwisha kwenda zake. "Ana malezi."

Barua pepe ilifika Jumanne. Kwenye familia ile barua zote za Kiingereza husomwa na Ghalia, binti yao pekee, aliye mwaka wa pili chuoni. Ghalia anaelewa Kiswahili chote, pamoja na kile cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza, na wazazi wake wamekwisha kuzoea mazungumzo ya namna hiyo.

"Dad," alisema, macho kwenye simu, "they think we're a café."

"Nani?"

"The canal people."

Ameir alicheka. Aliendelea kucheka mpaka alipoona binti yake hacheki. Leseni ya boti ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi, na ofisi ilisema haitaitoa tena kama leseni ya makazi ya watu binafsi. Ofisa wao alikuwa amekuta wateja wamekaa, vinywaji vinatolewa, tangazo limechorwa ubavuni, na malipo yanapokelewa kwa utaratibu wa mteja kulipa apendavyo. Bwana Ameir anashauriwa kuomba leseni ya biashara.

"'Pay what you like.' You actually said that to him?"

"Nilimsitiri!" alisema Ameir. "Mtoto wa watu angefukuzwa kazi!"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Suad. Suad ni mke wa Ameir na ndiye mhasibu wa nyumba, ingawa kazi yake ya mshahara ni kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee kule Edmonton. Tangu alfajiri alikuwa akiinua watu wazima kutoka vitandani. Alikaa kwenye ngazi, akaanza kuvua viatu vya kazi, akawaangalia mmoja mmoja.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Mama Ghalia. Ni kuhusu leseni."

"Imepanda tena?"

Hapo ndipo Ghalia alipolazimika kuwaeleza jinsi bei ya leseni inavyopatikana, jambo ambalo mwaka uliopita Ameir alililipia bila kuuliza, kama mtu anavyolipia jeneza. Aliwasomea kutoka kwenye simu.

"It goes by length."

"Kwa urefu?" Ameir alishangaa. "Kama kitambaa?"

"And width."

"Na upana pia! Sasa si kitambaa, ni zulia."

Boti yao ni kama boti nyingi za mifereji ya London, ndefu na nyembamba, ukumbi mmoja unaoelea. Jikoni ni hatua moja kutoka kitandani. Mtu akipita mwingine sharti akae. Ameir alitazama mwanzo wa nyumba yake, kisha mwisho wake, na kwa mara ya kwanza akaiona ni ndefu mno.

"And there's extra," Ghalia aliendelea, "because we don't have a mooring."

Mkono wa Suad ulisimama kwenye kamba ya kiatu. "Nifahamishe vizuri, mwanangu. Mwenye pahala pake pa kuegesha analipa kidogo, na sie tunaohamahama kila wiki mbili kwa kuwa hatuna pahala, ndio tunaolipa zaidi?"

"Yeah."

"Kwa kuwa hatuna?"

"Basically."

Suad alivua kiatu, akakiweka chini taratibu kuliko kinavyostahili kiatu. Kulipa kwa kutokuwa na kitu! Lakini hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kawaida, ambayo kwa tabu, kwa kuongeza zamu na kupunguza nyama, wangeisogeza. Ya biashara ilikuwa habari nyingine. Ilikuwa kubwa zaidi, na juu yake ilidai bima ya kuhudumia umma, ukaguzi wa usalama wa namna nyingine, na kituo cha kudumu kilichoidhinishwa. Kituo hicho watu wanakingoja miaka. Kwa maneno mengine hawangeipata, na boti isiyo na leseni huondolewa majini.

"Boti haina kodi," alisema Suad. Yalikuwa maneno ya Ameir mwenyewe, ya siku waliposhindwa na kodi ya nyumba na yeye akaja na picha ya boti kwenye simu. Ilikuwa kweli kabisa. Boti haina kodi. Ina leseni, bima, cheti cha usalama, dizeli, gesi, makaa ya jiko, na choo ambacho hakijui kujimwaga chenyewe.

"Nitawapigia," alisema Ameir.

"Wapigie. Na Ijumaa usimwite mtu."

"Mke wangu..."

"Usimwite mtu, Baba Ghalia! Ijumaa zote mie nasimama jikoni nakaanga, nachuja, naosha vikombe kama nimeajiriwa. Sijasema kitu. Sasa kahawa yako inatutoa ndani." Akakivua kiatu cha pili. "Ile nyumba tulitoka kwa sababu ya kodi, watu wakatuonea huruma. Hapa tukitoka nitawaambia nini? Tumefukuzwa na kashata? Mwezi ukiisha hatuna leseni, mie na Ghalia tunahamia Thornton Heath kwa dada. Wewe baki na wageni wako."

Akavuta sanduku la nguo kutoka chini ya kitanda. Kwa kuwa pale ndani hapana nafasi, sanduku lilikaa katikati ya njia, na kwa siku zote zilizofuata kila aliyetaka chai, choo au usingizi ilibidi alivuke.

Ameir aliwapigia. Alisikilizishwa muziki muda wa kutosha kupika wali, kisha akaja mwanamke mwenye sauti ya upole inayotisha.

"Una wateja wangapi kwa wiki?"

"Sina wateja. Nina wageni."

"Wageni wanaolipa?"

"Hawalipi."

"Hata mmoja?"

Ameir ana ila nyingi, lakini uongo haumo. "Mmoja alilipa," alisema. "Wa kwenu."

"Kwa hiyo unakubali kwamba ulipokea malipo."

"Nilipokea kwa sababu ninyi mmemkataza asipokee."

"Samahani, bwana, sijakuelewa."

"Hata mimi sijielewi, mama."

Mwisho wake waliafikiana kwamba atakuja ofisa wa juu, Bi Jaswinder, ajionee kwa macho yake, Ijumaa hiyohiyo baada ya adhuhuri. Ijumaa, siku ya wageni! Ameir alijaribu kuibadilisha siku, lakini yule mama alikuwa amekwisha kuondoka na muziki umerudi.

Ikabaki kazi ya kuwazuia wazee. Hili halikuwa jambo la kusemwa kwa simu. Alipanda basi kwenda kwa Mahir, na njiani kote alikuwa akipanga maneno: yakhe, wiki hii tupumzike kidogo, yakhe, wiki hii boti ina matengenezo. Alifika akakuta chakula kinapakuliwa. Akakalishwa, akatiliwa pweza, akaongezwa pweza. Mtu anakutilia pweza kwa mkono wake, wewe umwambie kwako asije?

"Mbona chakula hakikushuki?" Mahir aliuliza. "Una nini?"

"Leseni ya boti tu. Imepanda."

"Imepanda sana?"

"Imepanda," alisema Ameir, akageuza mazungumzo. Na alipokuwa akiaga mlangoni alijisikia mwenyewe akisema, "Basi Ijumaa, inshallah. Na wenzako uje nao."

Alirudi kwa miguu ili achelewe kufika. Suad alipomuuliza kama amewaambia, alijibu kwamba wamezungumza kwa kirefu.

Ijumaa asubuhi Suad alitoa amri. Mabenchi yafunikwe turubai. Maandishi ya ubavuni yafunikwe shuka. Dele liwekwe uvunguni, na kusiwe na harufu ya tangawizi mpaka yule mwanamke aondoke. "Akitaka kitu, maji," alisema. "Ya bomba."

Ghalia alifunga shuka. Upepo wa mfereji ukawa unaliinua na kuliangusha, na kila likiinuka boti ilisema KARIBUNI, likianguka ikanyamaza.

Jaswinder alikuja mapema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye buti za matope na koti la kazi lenye rangi ya kuumiza macho, na mvua ya London, ile isiyonyesha wala isiyokatika, ilikuwa imemlowesha nywele. Alisalimia, akapima boti kwa utepe upande huu na upande ule, akafunua turubai na kutazama mabenchi, akapiga picha. Pua yake ilikuwa nyekundu. Alipovua glavu ili aandike, vidole vyake havikukunjika vizuri.

Suad alikuwa amesimama mlangoni mikono kifuani, tayari kwa vita. Aliviona vile vidole. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuona vidole vya watu wenye baridi, na mdomo ukamponyoka kabla hajaushika.

"Ingia ndani, mama, utaugua. Unywe kahawa?"

Ameir aligeuka akamtazama mkewe. Ghalia alijipiga kofi kwenye paji la uso. Suad mwenyewe alibaki ameduwaa, lakini neno la kukaribisha likishatoka halirudishwi, hata na mtu aliyekwisha kuvuta sanduku la kwenda Thornton Heath. Akainama akalitoa dele uvunguni.

Hivyo ndivyo ofisa wa juu alivyojikuta amekalishwa karibu na jiko la makaa, kikombe mkononi, sahani ya kashata magotini, huku Suad akimfahamisha kwa Kiingereza kwamba hii si biashara, wallahi si biashara, ongeza moja. Na hivyo ndivyo alivyokuwa amekaa wazee walipowasili.

Hawakuja mikono mitupu. Habari ya leseni Mahir alikuwa amekwisha kuieneza, na wazee walifanya wanachofanya watu wa kwao mwenzao akikwama: walichanga. Mbele alitangulia Mahir. Nyuma yake ndugu wawili wa Chake Chake, wasiosema sana. Wa mwisho alikuwa Solomon, Mkenya, muuguzi, Mkristo asiyetoka msikitini Ijumaa wala siku nyingine yoyote, ila kahawa ile alikuwa hajawahi kuikosa.

"Assalaam aleikum!" Mahir aliita, akashika mkono wa Ameir kwa nguvu. Ameir alihisi karatasi imekunjwa ndani ya kiganja chake. Akaangalia. Noti.

"Hii nini?"

"Ya boti."

"Toa, yakhe! Si leo!"

"Chukua, usituaibishe."

Ndugu wa kwanza akamtia noti kwenye mfuko wa kanzu. Wa pili akamtia upande wa pili. Solomon alitoa bahasha kabisa. "Bwana Ameir, hii ni harambee ndogo tu. Kwetu mtu hakatai harambee."

"Kwangu anakataa! Solomon, rudisha bahasha yako, naapa!"

Dirishani Jaswinder alikuwa ameacha kutafuna. Alichokiona ni hiki: wanaume wanne wanapanda kwenye boti, na kila mmoja, kabla hajakaa, anamlipa mwenye boti. Suad aliona anachokiona ofisa. Akaketi juu ya sanduku la nguo.

"They're not customers," Ghalia alimwambia yule ofisa, karibu alie. "I swear, they're just like this."

Nje vita vilikuwa vimepamba moto. Ameir alimrudishia Mahir noti kwenye mfuko wa koti. Mahir akaichomoa, akairusha kwenye benchi. Ameir akaiokota, akamfukuza nayo Mahir kando ya maji, dereva mstaafu mwenye goti bovu akikimbia kama kijana. Ndugu wa Chake Chake waliapa kwa Mungu kwamba hawapokei. Ameir aliapa kwa Mungu yuleyule kwamba wanapokea. Bahasha ya Solomon iliingia na kutoka mara tatu kwenye shati lake, ikachanika, na noti moja ikaruka mpaka kwenye boti ya Bridget, ambaye aliirudisha kwa Ameir, Ameir akampa Solomon, Solomon akampa Bridget.

"Hii nyumba yangu!" Ameir alipiga kelele katikati ya njia, pumzi zikimwishia. "Mtu hanilipi nyumbani kwangu! Nitapokonywa boti, nitalala kwenye majani, lakini hapana mtu atakayelipia kikombe nilichompa!"

Hakujua kwamba Jaswinder ametoka nje. Hakujua pia kwamba maneno hayo, kwa hasira, ameyasema kwa Kiingereza.

Jaswinder alifunga koti, akamshukuru Suad, akaanza kwenda zake kando ya mfereji. Suad alipoingia ndani kuondoa kikombe alikuta chini ya kisosa sarafu ya pauni mbili. Sheria ya kazi ni ileile.

"Ameir!" aliita, na ilikuwa nadra Suad kumwita mumewe jina mbele ya watu. "Kaacha pesa! Kaacha pesa!"

Ameir alielewa mara moja. Safari ile alikuwa amechagua fedheha ndogo, na ndiyo iliyomfikisha hapa. Akaikwapua sarafu mkononi mwa mkewe, akapandisha kanzu kwa mkono mmoja, akakimbia.

"Madam! Madam! Your money!"

Njia ya mfereji ikinyeshewa ni tope tupu, na Ameir alikuwa na makubadhi. Alipofika karibu kabisa Jaswinder aligeuka, akarudi hatua moja ili asigongwe, na Ameir akapita pale alipokuwa amesimama yule mama na kuendelea moja kwa moja mpaka majini. Kanzu ilijaa upepo ikamzunguka. Mfereji si wa kina. Aliposimama maji yalimfika kifuani. Mkono wa kulia ulikuwa juu, na sarafu imo.

"You forgot," alisema, meno yakigongana.

Jaswinder alipiga magoti kwenye tope, akanyoosha mkono, akaipokea sarafu yake ya pauni mbili. Ndipo alipoanza kucheka. Alicheka mpaka Solomon na Bridget walipomaliza kumvuta Ameir kwa mti wenye ndoana.

"Mama yangu na shangazi yangu," alisema akijifuta machozi, "walipigania kulipa bili ya chakula Southall mpaka meza ikapinduka. Bwana, miaka yangu yote ya kazi hii naona watu wanakimbia wasilipe. Sijapata kuona anayekimbia asilipwe."

Aliandika hapohapo, akiwa amesimama, bila kurudi ofisini: nyumba ya watu, si biashara.

Ameir alivuliwa, akafungwa mablanketi, akawekwa kando ya jiko. Wazee waliaga mapema, kwa adabu iliyozidi kidogo, na hakuna aliyetaja pesa. Suad alichukua kanzu iliyolowa ili aikamue. Kwenye mfuko wa kulia akakuta noti. Kwenye wa kushoto, noti. Ndani ya kofia, ambayo Bridget aliiopoa kwa ndoana, zilikuwa mbili, na mpaka leo hajulikani aliyezitia huko. Ameir alikuwa ameshindwa vita bila kujua.

Noti za siku hizi ni za plastiki. Suad alizipangusa kwa kitambaa cha vyombo, moja moja, akazipanga juu ya meza.

"Nitazirudisha kesho," Ameir alisema kutoka ndani ya mablanketi.

"Hurudishi."

"Nimeapa, Mama Ghalia. Si bei ya kahawa..."

"Nani kasema ni bei ya kahawa? Kahawa yangu hawaiwezi hawa, wakilipa kwa haki watauza nyumba." Alivuta pumzi. "Leseni ya kawaida ikituangusha mwisho wa mwezi, Shemeji Mahir atakwenda kukaa wapi Ijumaa? Nyumbani kwake anagombana na televisheni. Wale ndugu hawana mtu. Solomon analala na kuamka na wagonjwa. Hawakukulipa wewe. Wamelilipia benchi lao. Na ukiwarudishia mara ya pili utawavunja moyo, mie nitakuwa wa kwanza kukulaumu."

Ameir alitaka kubisha, lakini maji ya mfereji yalikuwa bado yamo masikioni, na kwa kweli alikuwa akilia kidogo, jambo ambalo mtu aliyelowa hahitaji kulieleza.

"Si ulisema mie nibaki na wageni wangu?" alisema mwishowe.

"Nilisema." Suad alisimama, akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka likarudi chini ya kitanda. "Mwenyeji mwenyewe anatumbukia majini kwa pauni mbili. Nimwache?"

Leseni ililipwa na Ghalia kwa simu: urefu, upana, na ile nyongeza ya kutokuwa na pahala. Alipobonyeza mara ya mwisho wote watatu waliinamia kioo kidogo kusubiri jibu.

"Imeandikwa nini?" Ameir aliuliza.

"Private," alisema Ghalia. Kisha, kwa kuwa baba yake bado alikuwa anamkodolea macho, akaongeza kwa Kiswahili, jambo la kuandikwa kwenye kalenda, "Yetu sisi, Baba."

Ijumaa iliyofuata jua lilitoka, jembamba lakini jua. Boti ilikuwa imesogea chini kuelekea Tottenham, Bridget nyuma yake, na wazee waliipata bila kuuliza mtu kwa kufuata harufu ya tangawizi. Shuka lilikuwa limeondolewa ubavuni. Walikuwa wameketi hivyo, Suad naye ametoka jikoni amekaa mwisho wa benchi na kikombe chake, Mahir amemsogelea ndugu mmoja ili kumpisha, alipotokea kwenye njia kijana asiye na koti la kazi wala kompyuta.

"Leo si siku yangu ya kazi," alisema Ajay kwa mbali, kama mtu anayejisalimisha. "Nimekuja kuomba radhi."

"Njoo ukae," alisema Suad. Alimmiminia mwenyewe.

Ajay alikunywa. Alikaribishwa kashata akakubali, akakaribishwa ya pili akakubali. Aliulizwa habari za mama yake akazieleza. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka alipomaliza kikombe, akakiweka chini, na mkono wake wa kulia ukaanza kuingia mfukoni.

"Usithubutu!" alipiga kelele Suad.

"Kijana!" alisema Solomon.

"Don't!" alisema Ghalia kutoka dirishani. Mahir alikuwa amekwisha kumkamata kiwiko. Ndugu wa Chake Chake walisimama wote wawili, boti ikayumba, na Ameir akavua makubadhi, tayari kwa lolote.

Ajay, macho yamemtoka, akautoa mkono polepole ili wote wauone. Ilikuwa karatasi ya kufutia pua. Tangawizi ilikuwa imemkolea.

Akafuta pua yake, watu saba wakimwangalia mikono, na Suad akamjazia kikombe.